Mkwaju, herufi ya diski na folda isiyoonekana: programu sita za bakapu zikilinganishwa kwa njia zake

Diski yangu ya akiba ilikuwa kubwa karibu mara mbili ya picha zote nilizonazo, na bado ikajaa. Nilipoifungua nikakuta folda iitwayo Picha, kama nilivyotarajia. Ndani yake mlikuwa na miaka yote niliyoipiga picha, na katikati ya miaka hiyo palikuwa na folda nyingine iitwayo Picha, nayo ina miaka ileile. Kila kitu mara mbili. Kosa lilikuwa langu mwenyewe: mwezi mmoja niliandika amri yenye mkwaju mwishoni, yaani alama ya /, na mwezi uliofuata nikaiandika bila mkwaju.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia wiki nzima kulinganisha programu kwa kasi, kwa usimbaji fiche na kwa uzuri wa dirisha lake. Sikuwahi kuuliza kila moja inaisomaje njia ya folda ninayoiandikia. Siku hizi mtu akiniuliza achukue programu ipi ya kuhifadhi nakala rudufu (bakapu, kama wengi tunavyosema) au ya kusawazisha faili, mimi huanza na maswali matatu. Ukiipa njia ya folda, inachukua folda yenyewe au yaliyomo ndani yake tu? Folda hiyo isipoonekana, inafanya nini? Na siku ya kurudisha, faili zinaangukia wapi?

Kwa maswali hayo nimeziweka pamoja rsync, robocopy, FreeFileSync, Syncthing, rclone na restic. Dropbox, OneDrive na Borg nazo zitapita njiani. Upande faili zinakotoka nitauita chanzo, na upande zinakokwenda nitauita lengwa.

Folda, au yaliyomo ndani yake?

Tuanze na rsync, ambayo ipo tangu 1996 na bado ndiyo inayofanya kazi chini kwa chini ndani ya programu nyingi za bakapu kwenye Linux. Tazama amri hizi mbili:

```
rsync -a /home/juma/Picha  /mnt/akiba/
rsync -a /home/juma/Picha/ /mnt/akiba/
```

Ya kwanza inabeba folda yenyewe, kwa hiyo utapata /mnt/akiba/Picha. Ya pili inamwaga yaliyomo ndani ya Picha moja kwa moja kwenye /mnt/akiba, bila folda ya kuyakusanya. Mkwaju unaoleta tofauti ni ule wa upande wa chanzo. Ukiwa unanakili folda, ule wa upande wa lengwa unaweza kuuweka au kuuacha, haubadilishi kitu.

Sasa ongeza --delete, chaguo linaloiambia rsync ifute kwenye lengwa chochote kisichokuwepo kwenye chanzo. Kwenye amri ya kwanza ufutaji unabaki ndani ya /mnt/akiba/Picha. Kwenye ya pili unagusa /mnt/akiba yote: kama ulikuwa na folda ya Nyaraka pembeni, inakwenda, kwa sababu haimo ndani ya Picha. Hatari zaidi ni kwamba mkwaju huo mara nyingi huuandiki wewe. Ukianza kuandika jina la folda na kubonyeza Tab, terminali inakumalizia jina na kuuongeza mkwaju yenyewe.

Robocopy, inayokuja na Windows tangu Vista, haina utata huo. Siku zote inachukua yaliyomo, kwa hiyo jina la folda unaliandika pande zote mbili:

```
robocopy D:\Kazi E:\Kazi /MIR
```

Ukivivia kuandika jina upande wa pili ukaacha `E:\` peke yake, /MIR itaifanya diski nzima ya E ifanane na folda ya Kazi, na kila kingine kilichokuwa humo kifutwe. Kuna na mtego wa alama za kunukuu. Njia yenye nafasi ndani yake lazima izungushiwe alama hizo, lakini ukiandika `"D:\Kazi za ofisi\"`, ule mkwaju wa kinyume wa mwisho unaibatilisha alama ya kunukuu inayoufuata, na robocopy inalisoma lengwa lako kama sehemu ya jina la chanzo. Dawa yake ni kuuacha huo mkwaju wa mwisho. Niliwahi kukaa na kosa hili hadi usiku wa manane, nikisoma ujumbe uleule unaosema folda haipo huku folda naiona mbele yangu.

Rclone, ambayo wengi huitumia kupeleka faili kwenye hifadhi za wingu, nayo inachukua yaliyomo tu, uweke mkwaju au usiuweke. Cha kuangalia ni kinachokuja baada ya nukta pacha. `rclone sync /home/juma/Kazi wingu:Kazi` ni sawa, ambapo `wingu` ni jina ulilolipa hifadhi yako ndani ya rclone. Ukisahau neno la mwisho ukaandika `wingu:` tu, umeiagiza hifadhi yako yote ya wingu ifanane na folda moja. Na kama hifadhi hiyo ni seva ya SFTP, `wingu:Kazi` inahesabiwa kuanzia folda yako ya nyumbani kwenye seva, ilhali `wingu:/Kazi` inahesabiwa kuanzia mzizi wa seva. Ni folda mbili tofauti.

FreeFileSync inakuwekea folda mbili, kushoto na kulia, na kulinganisha yaliyomo kwa yaliyomo. Hakuna cha kubahatisha, kwani kabla haijagusa faili hata moja unaona orodha ya kitakachonakiliwa na kitakachofutwa. Syncthing haina swali hili kabisa: folda inaunganishwa na folda, basi.

Kwa swali la kwanza, kwa hiyo, robocopy na rclone zinaishinda rsync kwa sababu zina kanuni moja ya kukumbuka badala ya mbili. Lakini rsync ina faida ambayo sitaki kuinyima: bila mikwaju unaweza kuipa folda kadhaa kwa mkupuo, `rsync -a Kazi Picha Nyaraka /mnt/akiba/`, na kila moja itakaa mahali pake.

Siku diski haipo

Hapa ndipo programu zinapotengana kweli, na kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Kwenye Linux, /mnt/akiba ni folda ya kawaida inayoisubiri diski ipachikwe juu yake (mount), yaani yaliyomo kwenye diski yaonekane hapo. Diski isipopachikwa, kwa sababu waya umelegea au kompyuta imewaka kabla haijaitambua, folda bado ipo, ila ni tupu na iko kwenye diski ya mfumo. Rsync haijui hilo. Inanakili kila kitu humo, inamaliza bila kosa, na kumbukumbu zako zinaonyesha bakapu imefanikiwa. Siku ya tatu diski ya mfumo inajaa. Unachomeka diski ya nje, inapachikwa juu ya folda ileile, na faili zote zilizonakiliwa kimakosa zinafichika chini yake. Ukiuliza kwa `df`, diski imejaa. Ukitafuta kwa `du` nani kaijaza, humwoni.

Hiyo ni afadhali. Kibaya zaidi ni chanzo kuwa ndicho kilicho kwenye diski isiyopachikwa. Rsync yenye --delete inakuta chanzo tupu na kufanya ulichoiagiza: inalimaliza lengwa lote mpaka nalo liwe tupu. Njia ikiwa haipo kabisa, rsync inalalamika na haifuti. Lakini folda iliyopo isiyo na kitu ndani si kosa machoni pake.

Wengi hutanguliza ukaguzi, `mountpoint -q /mnt/akiba && rsync ...`, nao unafaa. Mimi napendelea kinga inayotoka kwenye njia yenyewe. Usielekeze kwenye mlango wa diski, elekeza chumbani. Tengeneza folda ndani ya diski, tuseme `bakapu`, kisha andika lengwa kuwa `/mnt/akiba/bakapu/Picha/`. Kwa kawaida rsync inaunda ngazi moja tu ya mwisho ya njia. Diski isipokuwepo, `bakapu` nayo haipo, rsync inashindwa kuunda `Picha` ndani ya kisichokuwepo, na inasimama kwa kosa. Ujanja huo unauua ukitumia chaguo la --mkpath, linaloiruhusu kuunda ngazi zote, basi usilitumie kwenye kazi ya bakapu. Upande wa chanzo fanya vilevile: `/mnt/kamera/DCIM/` ni salama kuliko `/mnt/kamera/`.

Robocopy inaunda ngazi zote bila kuuliza, kwa hiyo ujanja wa chumbani hauisaidii kwenye lengwa. Kinachoiokoa ni kwamba Windows haiachi folda tupu mahali pa diski iliyotolewa: herufi inatoweka, na robocopy inatoa kosa. Balaa ya huku ni herufi kuwepo lakini kushikwa na diski nyingine, nalo nitalirudia. Tukiwa hapa, jambo moja ambalo halihusu njia lakini litakukuta tu: robocopy ikikutana na faili isiyoweza kuisoma, kwa chaguo-msingi inajaribu tena mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Piga hesabu, ni siku 347 kwa faili moja iliyofungwa. Ongeza `/R:2 /W:5` na usisahau.

FreeFileSync, ukiiendesha kwa mkono, inakuonya folda moja isipopatikana, na inakuonya pia folda mbili zikitofautiana kupita kiasi, ikishuku kwamba umechagua folda isiyo yenyewe. Unaweza kuyapuuza maonyo hayo, na unaweza kuyazima unapoiandalia kazi ya kujiendesha. Usiyazime.

Syncthing imelitatua jambo hili kwa njia ninayoiona nzuri kuliko zote. Ndani ya kila folda inayosawazishwa inaweka alama yake, folda ndogo iliyofichwa iitwayo `.stfolder`. Kila inapokagua inaitafuta kwanza. Isipoiona inajua kwamba hapa si pale ilipopazoea, inasimamisha folda hiyo na kukuonyesha kosa, badala ya kuvitangazia vifaa vingine kwamba faili zote zimefutwa. Tatizo huwa ni sisi watumiaji. Mtu anaona kosa, anatafuta haraka suluhisho, anaelekezwa aiunde `.stfolder` kwa mkono, anaiunda kwenye folda tupu, na hapo ndipo Syncthing inapoamini kwamba kweli faili zimefutwa. Programu za kusafisha kompyuta zinazofuta folda tupu nazo huiondoa alama hiyo kwa kudhani ni takataka. Ukiona kosa la alama, kwanza fungua folda uone faili zako zipo. Zikiwepo, iunde. Zisipokuwepo, itafute diski.

Restic, na Borg vilevile, zinalindwa na umbile lake. Haziandiki faili moja moja kwenye lengwa. Zinaandika ndani ya hazina ambayo lazima uwe umeianzisha kwanza. Diski isipokuwepo, hazina haionekani, na programu inasimama. Na chanzo kikiwa tupu kwa bahati mbaya, bakapu ya leo itakuwa tupu, lakini ya jana iko palepale. Hii ndiyo tofauti kati ya bakapu na kusawazisha, ambayo watu husoma mara kumi na kuielewa siku wanapopoteza kitu. Tahadhari iko kwenye kanuni ya kusafisha nakala za zamani: ukiagiza zibaki 5 za mwisho tu, na bakapu inafanyika kila siku, siku 5 za folda tupu zinatosha kuisukuma nje nakala nzuri ya mwisho. Bakiza na za wiki na za miezi.

Nimeyaweka kwa pamoja ili uyaone kwa jicho moja:

| Programu | Inachukua nini | Chanzo kikiwa tupu kwa bahati mbaya | Lengwa lisipoonekana |
|---|---|---|---|
| rsync --delete | Inategemea mkwaju | Inafuta lengwa | Inaunda ngazi ya mwisho tu |
| robocopy /MIR | Yaliyomo | Inafuta lengwa | Herufi haipo: kosa. Folda haipo: inaziunda zote |
| FreeFileSync | Yaliyomo | Inaorodhesha na kuonya kwanza | Inaonya |
| Syncthing | Folda yenye kitambulisho | Inasimama ikiikosa alama | Inasimama ikiikosa alama |
| rclone sync | Yaliyomo | Inafuta lengwa | Inaliunda |
| restic | Njia nzima | Nakala za nyuma zinabaki | Inasimama, hazina haipo |

Diski inaitwa nani leo?

Njia inaanza na jina la diski, na jina hilo halitulii. Kwenye Windows diski ya nje iliyokuwa E jana inaweza kuwa F leo kwa sababu tu flashi ilitangulia kuchomekwa. Robocopy itaipokea E yoyote itakayoikuta. Ukiing'ang'ania robocopy, nenda kwenye usimamizi wa diski uipe diski yako herufi ya mbali, X kwa mfano, ambayo flashi za kupita hazifiki.

FreeFileSync hapa inaongoza peke yake. Badala ya herufi unaweza kuandika jina la diski ndani ya mabano ya mraba, `[Akiba]\Kazi`, nayo itaitafuta diski yenye jina hilo popote ilipo. Kwa mtu mwenye diski mbili za nje anazozibadilisha kila wiki, kipengele hiki kimoja kinatosha kuamua.

Linux na Mac hazina herufi, ila zina ujanja wake. Diski yenye jina Akiba kwa kawaida inatokea /media/juma/Akiba, au /Volumes/Akiba kwenye Mac. Folda ya jina hilo ikiwa imebaki pale tangu diski ilipochomolewa bila utaratibu, diski itatokea kama Akiba1, au `Akiba 1` kwa upande wa Mac, na programu yako itaendelea kuandika kwenye ile folda ya bandia. Kwa diski inayokaa mahali pamoja kwenye Linux, ipachike kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachika, na uongeze `nofail` ili kompyuta iwake hata isipokuwepo.

Folda za mtandao nazo zina kisa chake. Umeiunganisha folda ya seva ikawa Z, unaiona, unaifungua, bakapu ya mkono inafanya kazi. Unaipangia ijiendeshe usiku, na asubuhi unakuta kosa kwamba Z haipo. Sababu ni kwamba herufi za mtandao ni mali ya mtumiaji aliyeingia. Kazi inayojiendesha kwa jina la mtumiaji mwingine au kwa mamlaka ya msimamizi haizioni. Andika njia kamili, `\\seva\kazi`, na hakikisha aliyepewa kuiendesha kazi hiyo ana ruhusa kwenye seva.

Sanduku moja, au folda popote zilipo

Dropbox na OneDrive zinakupa sanduku moja: weka humu kitakachosawazishwa, kilicho nje hakihusiki. Ni rahisi, na kwa asiyetaka kusikia habari za njia ni chaguo la heshima. Gharama yake ni kuhamisha faili kutoka zilikozoea kukaa.

OneDrive inaweza kukuhamishia yenyewe. Ukiikubalia ihifadhi folda za Documents, Desktop na Pictures, njia yake inabadilika kutoka `C:\Users\juma\Documents` kuwa `C:\Users\juma\OneDrive\Documents`. Kwenye skrini huoni tofauti. Lakini programu ya bakapu uliyoielekeza kwenye njia ya zamani inaendelea kunakili kilichobaki kule, ambacho huenda si kitu. Kuandika `%USERPROFILE%\Documents` hakusaidii, kwani inatafsiriwa kuwa njia ileile ya zamani. FreeFileSync inakubali `%csidl_Documents%`, inayoiuliza Windows folda hiyo iko wapi sasa hivi. Kwa robocopy itabidi uibadilishe kwa mkono.

Na kumbuka kwamba faili ndani ya masanduku haya huenda haipo kwenye kompyuta yako. Unaona jina lake, mwili uko wingu. Programu ya bakapu ikiigusa inaweza kuanza kuishusha, na folda nzima ikafuata. Kama ndicho chanzo chako cha bakapu, iagize huduma izibakize faili zote kwenye diski.

Syncthing inafuata mkondo mwingine. Kila folda ina kitambulisho, na kitambulisho ndicho kinachopaswa kufanana kwenye vifaa vyote. Njia ni hiari ya kila kifaa. Picha zinazokaa `/storage/emulated/0/DCIM/Camera` kwenye simu zinaweza kuwa `/home/juma/Picha/simu` kwenye kompyuta moja na `D:\Picha\simu` kwenye nyingine. Simu unaiweka iwe ya kutuma tu. Lakini usidhani umepata bakapu: ukifuta picha kwenye simu, inafutwa na kwenye kompyuta, isipokuwa kama umewasha kwenye kompyuta utunzaji wa matoleo ya zamani, ambao hutunza faili zilizofutwa ndani ya `.stversions`. Na orodha ya vinavyorukwa, `.stignore`, haisafiri kutoka kifaa kwenda kingine. Unaiandika kila mahali.

Mawili ya kutofanya, haraka. Usiiweke folda ya Syncthing ndani ya sanduku la Dropbox, programu mbili zitafukuzana kwenye faili zilezile. Na usiweke lengwa ndani ya chanzo: ukinakili /home/juma kwenda /home/juma/bakapu, kila mzunguko unanakili bakapu ndani ya bakapu. Kama huna pengine, iruke folda hiyo kwa --exclude.

Siku ya kurudisha

Rsync, robocopy, rclone na FreeFileSync, kwa matumizi ya kawaida, zinaacha faili kama zilivyo. Unafungua folda, unachukua. Sitaki kuidharau faida hii. Mzazi wako anaweza kuirudisha picha yake bila kukupigia simu.

Restic inatunza njia nzima. Ukiagiza `restic restore latest --target /tmp/rudisha`, faili zako hutazikuta /tmp/rudisha bali /tmp/rudisha/home/juma/Kazi, ngazi kwa ngazi. Mara ya kwanza nilidhani haikurudisha kitu. Tangu toleo la 0.16 unaweza kutaja folda ya ndani, `restic restore latest:/home/juma/Kazi --target /tmp/rudisha`, na yaliyomo yanashuka moja kwa moja. Borg inaondoa mkwaju wa kwanza na kufungulia vitu pale ulipo, kwa hiyo ingia kwanza kwenye folda tupu ndipo utoe amri.

Kuna jambo dogo la restic linaloumiza baadaye. Inazipanga nakala kwa jina la kompyuta na kwa njia. Siku utakapoihamisha Kazi kutoka /home/juma kwenda /data, machoni pake ni mfululizo mpya: itasoma upya kila faili, ingawa haitazihifadhi mara mbili, na kanuni yako ya kubakiza nakala itahesabu makundi mawili kila moja peke yake. Si msiba, ila chagua njia utakayoishi nayo.

Majina yenyewe

Windows inakataa alama kama `:` `?` `*` `|` kwenye majina, na majina kama CON, AUX na NUL. Faili iitwayo `Ripoti 10:30.txt` iliyozaliwa Linux haitatua kwenye Windows. `Ripoti.txt` na `ripoti.txt` ni faili mbili Linux, faili moja Windows. Njia nzima kwenye Windows ilikuwa na kikomo cha herufi 260. Tangu toleo la 1607 la Windows 10 kinaweza kuondolewa, ila programu nyingi za zamani bado zinakwama hapo. Robocopy inakivuka yenyewe, jambo linaloweza kukuachia folda ambayo programu nyingine zinashindwa kuifungua. Weka lengwa karibu na mzizi: `X:\B\Kazi` kuliko folda saba ndani.

Nani achukue nini

Uko Windows, una diski ya nje, na hutaki amri: FreeFileSync, kwa jina la diski ndani ya mabano. Kompyuta si yako na huruhusiwi kusakinisha kitu: robocopy, kwa kuwa ipo tayari, lakini ianze bila /MIR mpaka uizoee. Una vifaa viwili au vitatu unavyovitumia zamu kwa zamu: Syncthing, pamoja na bakapu ya kweli kwenye kimojawapo. Seva au kompyuta ya Linux inayojiendesha usiku: restic, hata kama kuzoea njia zake ndefu kutakuchukua jioni moja. Rsync mimi naibakiza kwa picha, kwa sababu nataka kila mtu nyumbani aweze kuzifungua. Kwa wingu, rclone, na tumia `copy` badala ya `sync` hadi uwe na sababu; ukifika kwenye `sync`, ongeza --backup-dir ili kinachofutwa kihamishiwe pembeni.

Yoyote utakayochukua, mara ya kwanza iendeshe kwa majaribio yasiyogusa kitu: `-n` kwa rsync, `/L` kwa robocopy, `--dry-run` kwa rclone na restic. Usiangalie idadi ya faili, angalia njia zilizochapishwa na kila mstari unaotaja kufuta. Kisha tengeneza folda ya majaribio yenye faili tatu zisizo na thamani, iendeshe kazi mara moja kwa kweli, ichomoe diski kwa utaratibu, uiendeshe tena. Ikimaliza bila kosa huku diski umeishika mkononi, rudi ukaiandike njia upya.